Ngao ya joto ikiumia angani: kuziba, kung'oa, kuacha ilivyo au kuhama chombo?

Tarehe 3 Agosti 2005, Stephen Robinson alikuwa amesimama kwenye ncha ya mkono wa roboti wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, miguu imebanwa, akisogezwa taratibu hadi chini ya tumbo la Discovery, mojawapo ya vyombo vya Marekani vyenye mabawa vilivyoitwa Shuttle. Kabla yake hakuna mwanaanga aliyekuwa amefanya kazi upande huo wa Shuttle ikiwa safarini. Alikuwa na koleo, na palikuwa na msumeno wa kuungaunga uliotengenezwa mle mle chomboni kwa ajili ya siku hiyo. Kazi ikawa nyepesi kuliko matayarisho yake. Alishika kipande cha kitambaa cha kauri kilichokuwa kimechomoza kati ya vigae, akakivuta kwa vidole, kikatoka. Akaenda kwa cha pili, nacho kikatoka.

Siku chache kabla ya hapo, yeye na Soichi Noguchi walikuwa wametumia sehemu ya matembezi yao ya kwanza nje ya chombo wakijaribu mabandiko kwenye sampuli za ngao zilizoumizwa makusudi. Watu walikuwa wamekesha maabara zaidi ya miaka miwili kwa ajili ya mabandiko hayo. Lakini mpaka Shuttle ya mwisho inatua Julai 2011, hakuna hata moja lililopakwa kwenye jeraha la kweli la chombo kinachorudi na watu ndani. Vidole vya Robinson vilitumika kweli. Bandiko lilibaki kwenye sanduku.

Naanza na hilo kwa sababu mtu akisikia habari ya kutengeneza angani ngao ya joto, ile nguo inayokikinga chombo kisiungue kikirudi Duniani, picha inayomjia ni ya fundi mwenye bomba la gundi. Gundi ni njia moja kati ya kadhaa, na kwa hesabu yangu ni mojawapo ya zile za kufikiriwa mwishoni. Nitazilinganisha njia hizo kama vile uamuzi uko mikononi mwako: jeraha limeonekana, watu wako juu, na siku ya kurudi inakaribia.

Jeraha liko wapi, na chini yake kuna nini?

Swali hili linakata nusu ya mjadala. Shuttle ilivaa nguo za namna tatu. Tumboni ilikuwa na vigae vyeusi vya silika, vyepesi mno kwa kuwa karibu asilimia 90 ya ujazo wake ni nafasi tupu, navyo vilistahimili takriban nyuzi 1,260 za Selsiasi. Puani na kwenye ukingo wa mbele wa mabawa palikuwa na paneli ngumu za kaboni, 22 kwa kila bawa, zenye uwezo wa kufika kama nyuzi 1,650. Sehemu za juu, ambako joto si kali sana, zilifunikwa kwa mablanketi. Chini ya nguo zote hizo kulikuwa na alumini, na alumini hiyo haikutakiwa kuvuka nyuzi 175 hivi. Pengo lote kati ya moto wa nje na kikomo hicho lilibebwa na kigae chenye unene wa sentimita chache.

Kapsuli, chombo kidogo kisicho na mabawa, ni mambo mengine. Waswahili husema dawa ya moto ni moto, na ngao ya kapsuli ndivyo inavyofanya kazi: utomvu wake unaungua, unageuka mkaa na gesi, na unapoondoka unaondoka na joto. Ngao ya namna hii haiogopi mkwaruzo mdogo kama kigae kinavyouogopa. Lakini ina shida yake. Kwenye kapsuli za Soyuz, Orion na Dragon, ngao hukaa upande wa nyuma, imefunikwa na sehemu nyingine ya chombo inayotupwa muda mfupi kabla ya kushuka. Mkono haufiki huko. Ikiumia, habari ya kupaka, kung'oa na kubandika inafutika hapo hapo, na unabaki na njia tatu: kuiacha, kubadili namna ya kushuka, au kutokitumia kabisa chombo hicho kurudi.

Kwa anayetaka kuona yote kwa jicho moja:

| Njia | Inafaa wapi | Watu wamewahi kurudi nayo? | Inakoumia |
|---|---|---|---|
| Kuacha ilivyo | Jeraha lililopimwa, lenye metali salama chini yake | Ndiyo, mara nyingi | Inadai vipimo sahihi |
| Kung'oa au kubana | Kilichochomoza, kilichofunuka | Ndiyo, 2005 na 2007 | Mtu lazima afike pale |
| Kupaka na kujaza | Vigae vilivyochimbika, nyufa ndogo za kaboni | Hapana, majaribio tu | Ombwe (pasipo hewa), joto, mkono kutokuwa thabiti |
| Kiraka kigumu | Tundu dogo la kaboni, eneo pana la vigae | Hapana | Ukubwa wa tundu una kikomo |
| Kubadili namna ya kushuka | Chombo chochote | Ndiyo | Huondoa sehemu tu ya hatari |
| Kuhama chombo | Jeraha lolote | Ndiyo, ingawa si kwa sababu ya ngao | Lazima pawe na pa kukimbilia |

Kuacha ilivyo

Neno hili linasikika kama uvivu. Tazama basi kilichofanyika Agosti 2007. Kipande cha povu kutoka tangi la nje kiligonga tumbo la Endeavour muda mfupi baada ya kuruka, kikachimba shimo la sentimita 9 kwa 5 hivi, lenye kina cha kufika karibu na kitambaa kilicho chini ya kigae. Mkono wa roboti ulinyooshwa ukiwa na boriti yenye vipimo vya leza, umbo la shimo likachorwa kwa pande zote tatu. Duniani, mafundi wakachonga shimo kama lile kwenye vigae vya akiba, wakavipuliza kwa gesi iliyochemshwa kwa umeme ili kuiga ushukaji. Jibu likaja: alumini iliyo chini ingepata joto, lakini isingefika mahali pa kuhatarisha wafanyakazi. Uamuzi ukawa kutogusa. Endeavour ilitua salama tarehe 21 Agosti, tena siku moja mapema, kwa sababu kimbunga Dean kilikuwa kinatishia kituo cha kuongozea safari kilichopo Houston. (Kwenye shughuli hizi, mara nyingine ratiba haiamuliwi na shimo la kwenye ngao hata kidogo.)

Kuna hoja moja ambayo wasomaji wengi huisahau wanaposikia kisa hiki. Kumpeleka mtu chini ya tumbo la chombo kuna bei yake. Vazi la anga ni zito, kofia ni ngumu, vifaa vinaning'inia, na vigae hupasuka kwa kuguswa tu. Unaweza kwenda kuziba shimo moja ukarudi umeacha matatu.

Linganisha na Atlantis, Desemba 1988. Ilikuwa safari ya kijeshi, yenye siri. Kipande cha nyenzo kutoka kwenye pua ya roketi mojawapo ya pembeni kilikuwa kimeusugua upande wa kulia wa chombo, na zaidi ya vigae 700 viliharibika. Kigae kimoja kilikuwa kimetoka kabisa. Rubani mkuu, Robert Gibson, aliona uharibifu huo kupitia kamera ya mkono wa roboti na akaamini kuwa hawatapona. Lakini picha zilizotumwa Duniani zilifichwa kwa msimbo, zikafika zikiwa hafifu, na wataalamu wa chini wakaona ni jambo dogo. Walirudi salama kwa kuwa pale kigae kilipong'oka palikuwa na bamba nene la metali la kushikilia antena, likabeba joto ambalo ngozi nyembamba ya chombo isingelibeba.

Matokeo ya safari zote mbili yanafanana, ila ya 1988 siihesabu kuwa uamuzi wa kuacha. Walikwenda gizani, bahati ikawa upande wao. Kuacha kunastahili kuitwa chaguo pale tu ulipopima. Ndiyo maana baada ya msiba wa Columbia wa 2003, nitakaoufikia, kila Shuttle iliyokwenda kituoni ilisimama kama mita 180 chini ya kituo, ikapindua tumbo lake juu taratibu, na walioko ndani ya kituo wakalipiga picha kwa lenzi za milimita 400 na 800. Kati ya vitu vyote vilivyobuniwa kwa ajili ya matengenezo ya ngao angani, mimi huona kupinduka huko ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote, na hakuna hata tone la gundi ndani yake.

Kung'oa na kubana

Kwa nini kitambaa kilichochomoza sentimita mbili na nusu hivi kiwatoe watu nje? Hewa inapopita juu ya tumbo laini la chombo, tabaka lililo karibu na ngozi hutiririka kwa utulivu, na utulivu huo ni ngao ya ziada. Kitu kikichomoza, mtiririko unavurugika mapema, chombo kikiwa bado kina kasi kubwa, na eneo la nyuma ya kile kitu linapokea joto zaidi. Vitambaa vile vilikuwa na kazi yake wakati wa kuruka, kuzuia vigae visisuguane kwa mtetemo. Kuruka kumeisha, kwenye kushuka vilikuwa havina umuhimu huo tena. Ukivitoa hupunguzi kinga yoyote ya maana, na uso unarudi kuwa laini.

Ndiyo uzuri wa njia hii. Hakuna kitu cha kukauka, wala cha kushikamana, wala cha kuvimba kwenye joto. Ukimaliza, unajua umemaliza.

Juni 2007 kona ya blanketi karibu na mkia wa Atlantis ilifunuka, eneo la kama sentimita 10 kwa 15. Danny Olivas alitoka tarehe 15 Juni, akalikunja mahali pake na kulibana kwa pini na kwa kifaa cha kushonea vidonda kilichotoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Joto la pale si la kutisha kama la tumboni. Hofu ilikuwa zaidi juu ya kuharibika kwa muundo wa chini kuliko kupoteza chombo. Lakini kazi ilifanyika, watu wakarudi nayo, blanketi likashika.

Ila usidhani njia nyepesi haina meno. Mwaka 1990, Anatoly Solovyov na Aleksandr Balandin walipofika kituo cha Mir kwa Soyuz TM-9, ilionekana kuwa mablanketi ya kuhifadhi joto yaliyozunguka kapsuli yao yamefunguka na kupeperuka. Haikuwa ngao yenyewe ya kushukia, lakini kapsuli inayopata joto na baridi bila mpango haina uhakika. Walitoka tarehe 17 Julai kuyakunja. Wakiwa kwenye haraka ya kutoka, walifungua mlango kabla hewa haijaisha vizuri ndani. Mlango ukafyatuka, bawaba ikaharibika, na waliporudi haukufunga. Ilibidi waingilie kupitia chumba kingine. Mablanketi waliyashughulikia. Kilichotaka kuwatoa roho ni mlango.

Kupaka na kujaza

Hapa ndipo akili nyingi ilipomwagwa, na ndipo mimi nina mashaka mengi.

Mabandiko yalikuwa ya tabia tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni rangi nzito ya kijivu yenye chembe za kabonidi ya silikoni, ya kupaka juu ya kigae kilichokwaruzwa tu. Kazi yake si kujaza. Ile ngozi nyeusi ya kigae hutupa nje sehemu kubwa ya joto kwa mnururisho. Ikichubuka, kigae kinameza joto ambalo kingelitupa. Rangi inarudisha uwezo huo. Kwa jeraha lisilo na kina, hii ndiyo dawa yenye busara kuliko zote za kundi hili, kwa kuwa haiongezi kimo cha kuonekana.

La pili lilijulikana kwa jina la STA-54, la kujaza mashimo ya vigae. Ni silikoni ya sehemu mbili zinazochanganyika zinapotoka kwenye kifaa mfano wa bunduki ya silikoni ambayo fundi hutumia kuziba dirisha. Kwenye ombwe, gesi iliyojificha ndani ya mchanganyiko hutaka kutoka, na bandiko huchemka kwa mapovu kama uji. Machi 2008, Robert Behnken na Mike Foreman walilijaribu nje ya kituo kwenye vigae vya sampuli, nalo likaenda vizuri kuliko ilivyohofiwa. Sampuli zikarudishwa kuchunguzwa. Hapo ndipo lilipofikia. Kutoka kwenye sampuli iliyofungwa mbele ya kifua chako hadi kwenye tumbo la chombo, ukiwa unaning'inia kwenye mkono wa roboti, ni mwendo mrefu.

La tatu ni NOAX, la nyufa na michubuko ya paneli za kaboni. Ni utomvu unaogeuka kauri ukipashwa moto, uliochanganywa na unga wa kabonidi ya silikoni. Hupakwa kwa mwiko, kama lipu. Paneli nayo isiwe na joto sana wala baridi sana, na angani jua huchomoza na kuzama kila baada ya dakika 90 hivi, kwa hiyo fundi anavizia vipindi. Halafu kuna uzito, au tuseme kukosekana kwake: ukisukuma mwiko ukutani, ukuta unakusukuma wewe. Julai 2006, katika jaribio la NOAX, Piers Sellers alipotelewa na mwiko mmoja. Ulimponyoka ukaelea ukaenda zake. Watu walicheka, na yeye mwenyewe alilichukulia kwa ucheshi. Lakini mwiko unaoelea karibu na chombo chenye vigae si kichekesho kitupu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumekua tukiambiwa. Angani methali hiyo inahitaji mkia: ukiuziba vibaya utajenga nundu. Bandiko likibaki juu ya usawa wa kigae linafanya kosa lile lile la kitambaa alichokwenda kung'oa Robinson. STA-54 yenyewe huvimba kwenye joto, kwa hiyo shimo linajazwa chini kidogo ya usawa, kwa makadirio, kwa glavu nene, bila fursa ya kujaribu tena. Na ukishapaka huwezi kulipima kama ulivyopima shimo tupu. Shimo ulilopima unalijua. Bandiko ulilopaka unalitumaini.

Kwa hiyo kwenye kigae chenye shimo, kati ya kujaza na kuacha, mimi ningetaka kwanza kuambiwa kwa hesabu kwamba kuacha kutaua. Isipokuwa hivyo, bunduki ikae kwenye sanduku.

Kiraka kigumu

Mbadala wa bandiko ni kipande kilichotengenezwa kiwandani. Kwa vigae palikuwa na bamba jembamba la kaboni na kabonidi ya silikoni, linalofunika eneo lililoharibika na kukazwa kwa skrubu zinazojichimbia kwenye vigae vizima vya jirani. Kwa paneli za kaboni palikuwa na vifuniko vya duara vyenye kipenyo cha sentimita 18 hivi, vinavyoweza kujipinda kufuata mviringo wa bawa, vikishikwa na boliti inayopitishwa tunduni na kufunguka upande wa pili kama mwavuli. Tundu likiwa dogo mno kwa boliti kupita, ulilipanua kwa keekee. Fikiria moyo unaohitajika kutoboa zaidi bawa ambalo tayari limetoboka.

Mimi nakiamini kiraka kuliko bandiko. Nyenzo yake imepimwa kabla ya kuruka, unene wake unajulikana, na fundi wa angani anafunga tu, hatengenezi. Kasoro yake ni ukubwa: vifuniko vile vilikusudiwa matundu ya hadi sentimita 10.

Na hapo inabidi tuitaje Columbia, Shuttle iliyopotea na watu wake. Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 81.7 baada ya kuruka, povu la takriban robo tatu ya kilo liligonga ukingo wa bawa la kushoto. Katika jaribio la Julai mwaka huo, wachunguzi walifyatua povu kama lile kwenye paneli halisi likatoboa tundu la karibu sentimita 40 kila upande. Ndiyo kusema kiraka bora kilichobuniwa baadaye, kwa sababu ya msiba ule ule, kisingeziba tundu la kiasi hicho. Wachunguzi walitafakari pia nini kingewezekana kwa vitu vilivyokuwamo chomboni: kushindilia vipande vya metali ndani ya bawa, kuweka mfuko wa maji mbele yake na kuuacha ugande uwe barafu, kisha kufunika. Waliona hatari yake ni kubwa mno. Njia nyingine waliyoichunguza waliiona ngumu lakini inayowezekana, nayo ndiyo ninayoifikia sasa.

Kuhama chombo

Atlantis ilikuwa inaandaliwa kwa safari ya Machi. Kama uharibifu wa Columbia ungejulikana mapema na watu wakafanya kazi usiku na mchana, Atlantis ingeweza kuwa tayari kuruka kufikia tarehe 10 Februari bila kuacha kipimo chochote cha lazima. Dawa ya kusafisha hewa chafu ndani ya Columbia ingeweza kunyooshwa hadi tarehe 15. Dirisha la siku tano. Lakini maombi ya kupata picha za chombo kikiwa angani yalisitishwa, na tarehe 1 Februari watu saba walipotea. Columbia haikuwa na njia ya kufika kituoni. Mzingo wake ulikuwa na mwinamo (pembe yake na ikweta) wa nyuzi 39 na wa kituo ni 51.6, na mafuta ya kubadili mwinamo kiasi hicho hakuna Shuttle iliyoyabeba.

Baada ya hapo mpango ukawa huu: ikiumia, hamieni kituoni mkasubiri. Safari moja tu haikuweza kufuata mpango huo, ile ya Mei 2009 ya kwenda kuifanyia kazi darubini ya Hubble. Kwa hiyo Atlantis ilipokuwa kwenye pedi moja, Endeavour ilisimamishwa kwenye pedi ya pili, tayari kwenda kuwachukua. Na safari ya mwisho kabisa, Julai 2011, ilibeba watu wanne tu, kwa kuwa hakukuwa tena na Shuttle ya kuwafuata. Wangelazimika kurudi mmoja mmoja kwenye viti vya Soyuz, kwa muda wa kama mwaka.

Ushahidi kwamba kuhama kunafanya kazi ulikuja baadaye, na haukuhusu ngao. Desemba 2022 Soyuz MS-22 ilivujisha kipoozeo chake ikiwa imetia nanga kituoni. Hakuna aliyejaribu kuiziba. Soyuz MS-23 ilirushwa tupu Februari 2023, ile iliyoharibika ikarudi bila watu, na waliokuja nayo wakakaa wakisubiri. Frank Rubio, aliyepanga kukaa miezi sita, alirudi baada ya siku 371. Ghali kwa muda, ndiyo. Lakini hakuna aliyepita kwenye moto akiwa anabahatisha.

Kubadili namna ya kushuka

Hii nitaipitia upesi kwa sababu mara nyingi ni ya kuunganisha na nyingine. Februari 1962 kipimo kilionyesha kuwa ngao ya kapsuli ya mwanaanga John Glenn imelegea. Aliambiwa asitupe kifurushi cha roketi za kufungia breki kilichofungwa juu ya ngao, ili mikanda yake iishike. Kumbe kipimo ndicho kilichokuwa na hitilafu. Ngao ilikuwa imara. Nani angeijua hiyo kabla?

Mfano wa karibu zaidi ni Orion. Safari yake ya Artemis I, ya kuzunguka Mwezi, ilirudi Desemba 2022 bila watu, na ngao yake ilikuwa imemeguka zaidi ya mahali 100, kwa sababu gesi iliyozalishwa ndani yake haikupata pa kutokea. NASA ilitangaza Desemba 2024 kwamba Artemis II itaruka na ngao iliyokwisha kufungwa, na badala yake njia ya kushuka itabadilishwa ili ngao isikae muda mrefu katika joto linalosababisha tatizo. Huko ni kuacha ilivyo na kubadili ushukaji kwa pamoja, na kwa kapsuli hapakuwa na mengi zaidi ya kuchagua, kasoro kuibandua ngao nzima ardhini.

Kwa hiyo ningepanga vipi?

Karibu na kituo: pima kwanza. Kilichochomoza king'olewe. Shimo lililo juu ya metali inayovumilia liachwe. Kaboni ikiwa na tundu, au kigae kikiwa kimefikia alumini nyembamba, sipeleki mtu na mwiko. Nahamisha watu, nakirudisha chombo tupu. Mabandiko na viraka vingekuwa vya kukirudisha chombo hicho, huku watu wakitazama wakiwa mahali salama.

Mbali na kituo, tuseme njiani kwenda Mars, mpangilio wote unapinduka kwa kuwa hakuna pa kuhamia. Chombo cha huko kinahitaji ngao ambayo mkono unaweza kuifikia, jambo ambalo kapsuli za leo haziruhusu, na ngozi ya chini inayosamehe. Juni 2024 Starship, chombo kikubwa cha kampuni ya SpaceX, ilishuka ikiwa tupu, bawa lake moja dogo likaungua hadi vipande kuchomoka mbele ya kamera, na bado ikafika juu ya Bahari ya Hindi na kupunguza mwendo ilivyokusudiwa. Mwili wake ni chuma cha pua, kinachovumilia joto kuliko alumini ya Shuttle kwa mbali. Kwenye sanduku la vifaa la safari kama hiyo ningepakia kamera na leza kwanza, viraka vya boliti vya ukubwa mbalimbali vikifuata, kisha rangi ya mnururisho. Bunduki ya bandiko ningeiweka chini kabisa, pamoja na miko ya akiba.